Nyumba ya Kilimani ni ya Nani?

Tafakari ya juma. Masomo: Walawi 25:23, Yeremia 32:6–25



Kila shamba kubwa la mkonge hapa Korogwe lina nyumba yake ya kilimani. Mnazijua. Kuta nene, baraza pana upande unakotoka upepo, madirisha marefu, na miti iliyopandwa kwa mstari tangu barabarani mpaka mlangoni. Aliyejenga alichagua kilima kwa sababu mbili. Ya kwanza ni joto na mbu wa bondeni. Ya pili ni macho: ukisimama barazani unaiona korona, kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, unaziona singa zimeanikwa kwenye kamba, unaziona kambi za wafanyakazi zimepangwa safu kwa safu, na asubuhi unajua kambi ipi imewasha moto na ipi bado imelala. Baadhi ya nyumba hizo bado zina meneja ndani yake. Nyingine zimekuwa ofisi. Nyingine zimebaki kuta na popo.

Watu huniuliza nyumba zile ni za nani hasa. Huniuliza hivyo wakiwa na kesi yao wenyewe mkononi, ya kiwanja au ya shamba la marehemu, na nadhani wanatafuta mfano mkubwa wa kupimia jambo lao dogo. Tulifuate swali hilo basi, ingawa litatuchukua mbali na kilima.

Tuanze na karatasi, maana karatasi ndiyo iliyoanza ugomvi. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Njia ilikuwa ndefu, na iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Katikati ya miche na reli likatokea jambo la tatu ambalo halikuwa na kelele yoyote. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote ya koloni isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Anayedai kuwa ni yake, athibitishe.

Fikirini maana ya amri hiyo kwa Mzigua au Msambaa wa wakati ule. Shamba lililochoka aliliacha lipumzike miaka kadhaa huku akilima jingine, akijua atarudi, na majirani wakijua kwamba atarudi. Mpimaji alipopita na minyororo yake aliona kichaka. Kwa macho yake mwenye shamba hakuwapo. Mpimaji hakulazimika kumfukuza mtu yeyote. Ilitosha kuandika kwamba hakukuta mtu.

Kuanzia hapo karatasi zilipishana haraka kuliko paa zilivyochakaa. Juni 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Korogwe na Handeni, na baada ya vita mashamba ya Wajerumani yalihesabiwa kuwa mali ya adui, yakauzwa. Walionunua walikuwa Waingereza, Wagiriki, Wahindi. Katikati ya miaka ya 1920 Wajerumani waliruhusiwa kurudi na kununua tena. Mwaka 1939 ikaja vita ya pili, wakanyang'anywa tena. Mkonge ukapanda bei, na kufikia 1964 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaleta serikali ndani ya mashamba mengi. Mwaka 1971 sheria nyingine ikachukua majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe waliyapangisha. Mwaka 1973 ikaundwa Mamlaka ya Mkonge. Mwaka 1998 mashamba kadhaa ya mamlaka hiyo yakauzwa kwa kampuni ya Katani. Mtu aliyezaliwa hapa Ngombezi kabla ya reli na kujaliwa miaka 80 angeweza kusikia nyumba ileile ikiitwa ya Mjerumani, kisha ya serikali ya Kiingereza, kisha ya Mgiriki au ya Mhindi, kisha ya umma, bila yeye kuhama hata hatua moja.

Na huyo asiyehama ndiye ninayemtaka. Katika mlolongo wote huo wa majina kuna watu ambao hakuna aliyeuza wala kununua kwa jina lao, nao ndio waliokaa muda mrefu kuliko wote. Walikuja kwa mkataba: Waha kutoka Kigoma, Warundi, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde waliovuka Ruvuma. Tuliwaita manamba. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, Silabu, iliyowabeba kwa magari na treni kutoka pande zote hizo. Walifanya kazi kwa kipande: siku 30 zikishakamilika kwenye kadi, ndipo mshahara, siku uliyougua haikuandikwa. Wengine walirudi kwao. Wengi hawakurudi. Walioa, walizikana, walizaa watoto wasiojua Kiha wala Kimakonde, na leo wajukuu wao wapo kwenye kambi zilezile, wanaimba kwaya zetu. Msikitini pia wapo. Ukiwauliza kwao ni wapi, huinua mkono kuonyesha upande wa magharibi au wa kusini, kisha wanaushusha.

Sisemi haya ili tuwachukie waliokaa kilimani. Na kabla hatujasema kwamba kabla ya Mjerumani tulikuwa Edeni, tupite Mazinde. Pale, bondeni, kwenye njia ya misafara, ndipo alipokaa Semboja mwana wa Kimweri ye Nyumbai. Baba yake alitawala kutoka Vugha, juu milimani, kwenye mvua na migomba. Semboja aliona kwamba zama zimegeuka na nguvu imeshuka bondeni kwenye bunduki na biashara, akakaa Mazinde kwa desturi za pwani, akawa mkubwa kuliko wa Vugha. Bidhaa mojawapo iliyopita mbele ya nyumba yake ilikuwa watu. Vita vya Wakilindi, ukoo huo wa watawala, baada ya kifo cha Kimweri viliwafanya jirani wauzane. Mashamba ya mkonge yalipokuja Mazinde baadaye, yalikuja mahali ambapo binadamu alikuwa amekwisha kutiwa bei. Mkristo asiseme uongo kuhusu babu zake, hata kama ni uongo mtamu.

Lakini kuna jambo moja katika ukoo uleule wa Semboja ambalo linanivuta. Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi, hakuwa mwenyeji wa Usambara. Alikuwa mwindaji kutoka milima ya Nguu, upande wa Handeni ya zamani, na kwao alikataliwa. Alifika kwa Wasambaa akiwa na mbwa wake na nyama ya nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, akapewa ugali, akapewa mke, akapewa hatimaye Vugha. Abdallah bin Hemedi aliyeandika Habari za Wakilindi anasimulia kwa urefu jinsi mgeni huyu alivyopokelewa. Haki ya Mbegha ilianzia kwenye kupokelewa. Vivyo hivyo mmishonari Krapf, alipopanda Vugha mwaka 1848 na tena 1852, alimwendea Kimweri akaomba mahali pa kujenga. Aliomba. Tunaweza kubishana juu ya mambo mengi ya wamishonari, lakini mtu anayeomba amekubali kwamba kuna mwenye nyumba. Amri ya 1895 haikuomba, kwa sababu ilikwisha kuamua kwamba hakuna wa kuombwa.

Hapa ndipo Walawi 25 inapotushika. Mungu anawaambia Israeli, watu aliowaapia nchi, watu wenye ahadi mkononi, kwamba wasiiuze ardhi moja kwa moja, kwa maana ni yake yeye, na wao kwake ni wapitaji. Sheria yetu ya nchi, kwa njia yake, inafanana na hilo: Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hata mwenye hati ya miaka 99 ana haki ya kukaa na kutumia tu. Mwalimu Nyerere alikwisha kuonya mwaka 1958 kwamba ardhi ikifanywa bidhaa ya kuuzwa kama nguo, wenye fedha wataimaliza. Basi kwa Mungu na kwa sheria, kilimani na bondeni wote ni wageni. Tofauti ni kwamba mmoja amesahau.

Wageni wanaosahau wapo kila nchi. Ireland, kisiwa kilichotawaliwa na Uingereza kwa karne nyingi, kina majumba kama haya mengi, yamejengwa na wenye ardhi waliokuwa na wapangaji maelfu. Kati ya 1920 na 1923 mamia ya majumba hayo yalichomwa moto. Moja lililosalimika ni Lissadell, liko ukingoni mwa bahari huko Sligo. Lilijengwa miaka ya 1830 na ukoo wa Gore-Booth. Binti wa nyumba hiyo, Constance, ndiye aliyeshika bunduki katika uasi wa Dublin wa 1916, akahukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo. Ukoo uliliuza mwaka 2003. Na je, kesi kubwa iliyofuata ilihusu nini? Haikuwa juu ya jumba. Ilikuwa juu ya vijia. Wenyeji walisema wamepita kwenye njia za shamba lile tangu zamani. Wenye nyumba wapya wakasema ni zao. Kesi ilipanda mpaka mahakama ya juu kabisa, na mwaka 2013 wenye nyumba wakashinda kwa sehemu kubwa, ila wananchi wakabakiziwa njia moja iendayo pwani. Wakulima wangu wa Magoma wataielewa kesi hiyo bila mkalimani, kwa maana vijia vinavyokatisha mkonge kwenda mtoni viko humu humu kwetu.

Sasa twende Handeni, maana ndiko kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote katika jambo hili, nayo haisimuliwi inavyostahili.

Miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi ya Wazigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, wakaahidiwa kazi, wakapandishwa majahazi. Waliposhuka walijikuta Barawa na bandari nyingine za Wasomali, wakauzwa. Baada ya miaka, wengi walitoroka wakaingia misitu ya mto Juba. Simulizi zao zinamtaja mwanamke, Wanakhucha, aliyewaongoza, na ukisimulia habari hiyo mbele ya watoto wa Jumapili wanamwita Miriamu bila kuambiwa. Pale Juba walilima, wakajilinda, wakajenga vijiji, na wakaendelea kusema Kizigua. Si mwaka mmoja wala miwili. Vizazi vitano au sita. Hakuna aliyekuwa na hati ya Handeni. Hakuna aliyeiona. Walikuwa nayo katika nyimbo, katika majina ya koo, katika namna bibi alivyomkemea mjukuu.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka na vita ikawafikia. Wengine walikwenda kambi za Kenya, na baadaye maelfu wakapelekwa Marekani. Wengine wakaja moja kwa moja huku. Walipowekwa Mkuyu, huko Handeni, wazee wetu walikwenda kuwaona na wakasikia lugha ya mababu zao inatoka midomoni mwa watu waliovaa Kisomali. Kuanzia 2003 wakahamishiwa Chogo, wakapewa mahali pa kujenga na kulima, na baadaye wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Kwa sheria walikuwa wakimbizi. Kwa Wazigua walikuwa ndugu waliochelewa kurudi, miaka mia na hamsini hivi.

Nakumbusha hilo kwa sababu Handeni hiyohiyo imepokea wageni wengine hivi karibuni, na mapokezi yamekuwa magumu zaidi. Kuanzia Juni 2022 serikali ilianza kuwaleta Msomera familia za Wamasai waliotoka Ngorongoro. Kila familia ilipewa nyumba ya vyumba vitatu kwenye eneo la ekari 2.5, na ekari 5 za shamba. Nyumba ni nzuri kuliko nyingi za vijiji vyetu, sitabisha hilo. Lakini waliokuwapo Msomera kabla, wafugaji na wakulima, walilalamika kwamba maeneo waliyoyatumia siku zote yamegawiwa wengine. Na baadhi ya waliohamia wakasema nyumba moja ya vyumba vitatu haimtoshi mzee mwenye wake kadhaa, kila mke akiwa na boma lake kwa mila zao. Hapo mmepata mambo mawili yaliyogeuzwa: mwenye nyumba ambaye hakuulizwa anataka kukaa wapi, na mwenyeji ambaye hakuulizwa kama atampokea. Sisi tulio kanisani tusifanye haraka kuchagua upande. Aliyewekwa kwenye nyumba na aliyeondolewa kwenye malisho wote wawili ni jirani kwa maana ileile ya Injili, na ugomvi wao haukuanza kwao. Ningeomba tu, mnapokwenda mnadani na kukutana na Mmasai wa Msomera, msimwite mvamizi. Hakuandika yeye ile ramani.

Na Kanisa? Tusijitoe. Makanisa yetu yana hati nyingi za zamani, nyingine zilitolewa na machifu, nyingine na watawala wa kigeni, na si zote zilianza kwa kuomba kama Krapf alivyoomba. Lakini ipo nyumba moja katika wilaya hii ambayo nikitaka kujitia moyo huwa naikumbuka, nayo iko Lutindi, juu milimani. Chama cha Wakristo wa Ujerumani waliopinga biashara ya utumwa waliianzisha mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliokombolewa. Watoto wakapungua, maana misafara ilikoma. Hapo nyumba nyingi zingefungwa au kuuzwa. Wao wakaanza kupokea wagonjwa wa akili, watu ambao wakati ule walifungwa kamba au kutupwa porini, miaka mingi kabla ya hospitali ya Mirembe ya Dodoma. Vita viwili vikuu vilipita, bendera tatu zikapandishwa na kushushwa, na leo hospitali hiyo iko mikononi mwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na bado inawahudumia wagonjwa wa akili. Majina kwenye karatasi yamebadilika hapa pia, kama ya nyumba za mkonge. Aliyelala ndani ndiye hakubadilika: siku zote ni yule ambaye hana pengine pa kwenda. Mimi si Mlutheri, nawasifu hata hivyo.

Kwenye mashamba yetu pia kitu kimesogea, na ni haki kukitaja. Baada ya ubinafsishaji ulianza mpango wa wakulima wadogo kupewa maeneo ndani ya mashamba ya Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi, walime mkonge wao wenyewe na kuupeleka korona. Leo wana vyama vyao vya ushirika, na wanagombana humo kama wanaushirika wote wa dunia. Mjukuu wa manamba kuwa na ekari zake za mkonge, akilalamikia bei kama mwenye shamba yeyote, babu yake asingeamini.

Sasa nirudi kwa wenye kesi, maana ndio walionianzishia safari hii. Yeremia 32 ni sura ya hati. Nabii yuko kifungoni katika ua wa walinzi. Jeshi la Babeli limezunguka Yerusalemu, na yeye mwenyewe amekuwa akihubiri kwamba mji utaanguka. Ndipo binamu yake Hanameli mwana wa Shalumu anakuja kumwambia: nunua shamba langu la Anathothi, haki ya kulikomboa ni yako. Shamba liko nje ya kuta, ambako adui ndiye anayetamba. Hakuna biashara mbaya kuliko hiyo katika Biblia nzima. Yeremia analipa shekeli 17 za fedha, anazipima kwenye mizani, anaandika hati, anaita mashahidi watie sahihi, anakuwa na nakala mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, kisha anamwagiza Baruku azitie katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi.

Wazee wetu husema mali bila daftari hupotea bila habari, na nabii anawaunga mkono hatua kwa hatua. Kwa hiyo hakuna mtu aniambie kwamba kufuata hati ni mambo ya dunia. Aliyeandikiwa apokee, asiyeandikiwa aandikishe. Kijiji kilichopimwa kinatoa hati ya hakimiliki ya kimila. Nendeni kwa mtendaji, itisheni mkutano, pimeni mipaka jirani wakiwapo na si wakiwa msibani. Na ndugu zangu wanaume, sheria ya 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Jina la mke wako linaingia kwenye hati hiyo bila kupunguza herufi hata moja ya jina lako. Nimezika wanaume ambao kabla udongo haujakauka shemeji walikuwa wamekwisha kumwambia mjane aonyeshe karatasi. Asipoonyesha, wanasema wamekuta shamba halina mwenyewe. Ni amri ya 1895 ileile, imekaa tu kwenye kinywa cha ndugu.

Lakini angalieni Yeremia alinunua kwa ajili ya nani. Yeye hakulilima shamba lile. Mji ulianguka, akaachwa hai, kisha wenzake wakamburuza mpaka Misri, na hatusomi kwamba aliona tena Anathothi. Hati ile kwenye chungu haikumpa yeye kivuli wala mazao. Iliwahusu watu ambao wangerudi baada ya miaka 70 wakiwa na lugha iliyochanganyika na Kibabeli, wakihitaji mtu awe amewawekea ushahidi kwamba hapa palikuwa kwao. Nikisoma hapo nawaona wazee wa Handeni waliokwenda Mkuyu kusikiliza Kizigua.

Mwenye hati anayeuliza nani atolewe na mwenye hati anayeuliza nani atarudi wameshika karatasi moja. Mahakamani hutawatofautisha. Utawatofautisha wakati mpangaji anapougua, wakati mtoto wa kaka anaporudi kutoka Dar es Salaam akiwa na begi moja na aibu, wakati msichana wa nyumbani anapopata mimba. Hapo nyumba huonyesha ni ya nani, bila kujali imejengwa kilimani au kwa miti na udongo.

Kuna jambo moja ambalo wahubiri wengi hulipita katika sura hii, na mimi pia huwa natamani kulipita. Baada ya kulipa na kutia sahihi, Yeremia hakuimba. Aliomba, na sala yake, mstari wa 16 mpaka wa 25, inaanza kwa sifa ndefu na kuishia kwenye malalamiko: maboma ya adui yamefika ukutani, upanga na njaa na tauni vimeingia, nawe unaniambia nunua shamba kwa fedha na uweke mashahidi? Fedha ilikwisha kutoka mfukoni. Hati ilikwisha kuwekwa. Ndipo akauliza.

Wale mnaokwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya juma hili, na ninajua mko angalau familia mbili, na pande zote mbili mnaketi kanisani humu humu, someni sala hiyo pamoja kabla ya kuondoka, kila upande ukimsikiliza mwenzake anaposoma. Msiruke mstari wa 25.